Sharti la Nne Ukutani kwa Araba

Itangazwe kwa wakazi wote wa mji wetu huu wa Wafante, pwani ya Ghana, waliobeba mahindi na waliobeba umbea tu: mashine ya kusaga ya Araba Kwansema, nyuma ya soko, ni salama kabisa, madhali binadamu atatii masharti yaliyopakwa rangi ukutani.

Masharti hayo yaliamriwa na bwana mmoja wa halmashauri, aliyekuja na tai akaondoka na madonge ya kenkey, ugali wa mahindi yaliyochachushwa, bila kulipa. Araba akayaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi nyekundu. Hakuna aliyeyasoma. Akachora fuvu, wateja wakauliza sinema inaonyeshwa lini. Ndipo alipoanza kuongeza majina ya waliovunja sharti, na ghafla mji mzima ukapenda kusoma. Akina mama wakingoja zamu waliupitia ukuta mstari kwa mstari, wakiwatafuta mawifi zao. Tangu hapo mkanda wa mashine haukumng'ata mtu.

Sharti la nne lilisema: "Usisogelee mkanda ukiwa umevaa kitambaa cha msiba, kama Kwamena Eduful."

Mjomba Kwamena alikuwa anakwenda mazikoni Jumamosi moja, amejifunga kitambaa cheusi mwili mzima hadi begani, akapita kumfundisha Araba namna ya kukaza mkanda ambao wala haukulegea. Mkanda ukadaka pindo, ukamzungusha kama pia, ukakimeza kitambaa chote. Araba alipowahi kuzima injini, mjomba alikuwa amesimama na kaptula mbele ya foleni ya akina mama.

Mwaka huu kiti cha mkuu wa ukoo kikawa wazi, na Kwamena alikitaka hadi usingizi ukamruka. Akaja kwa Araba na sauti ya asali.

"Mwanangu, lifute hilo jina. Mkuu wa ukoo hawezi kuwa mfano wa ukutani."

"Mjomba, sharti lisilo na mtu ndani yake ni pambo tu."

"Nakuomba. Wazee wanakaa wiki ijayo."

Araba akamwonea huruma, akapaka chokaa juu ya jina.

Lo, kumbe lile doa jeupe ndilo lililowasha moto. Zamani watu walisoma, wakacheka kidogo, wakaendelea na mahindi yao. Sasa kila mgeni aliuliza ni nani aliyefutwa, na kila mwenyeji alimjibu kwa nyongeza yake. Siku ya soko ilipofika, Kwamena alikuwa ameshavuliwa kaptula. Jioni yake akawa amekimbia hadi ufukweni. Kufikia Jumapili, alikuwa amesitiriwa na padri kwa gunia la mahindi. Wazee wa ukoo wakamwita, wakamuuliza kwa upole kama ni kweli aliwahi kusimama mtupu mbele ya mama zao wadogo, maana mtu wa namna hiyo hakalii kiti.

Basi akarudi kwenye mashine akiwa na wazee wote nyuma yake. Safari hii alivaa suruali, na shati amelichomekea, na alisimama mbali na mkanda.

"Araba, lirudishe jina langu lote," akasema kwa kishindo, ili hata foleni isikie. "Na uandike wazi kwamba nilikuwa na kaptula."

Wazee wakamgeukia Araba, kwani siku ile hakuna aliyesimama karibu zaidi yake. Araba akakoroga rangi, akautazama ukuta, akamtazama na mgombea.

"Ilikuwa imechanika nyuma, mjomba. Niandike na hilo?"