Kupumzisha Injini

Bei ya mafuta ilipopanda mara ya kwanza, Mwalimu Klachi alicheka. Alisema kila kilichopanda kitashuka, hata papai hushuka, tena lenyewe bila kuombwa. Ilipopanda mara ya pili akanyamaza. Ilipopanda mara ya tatu akatoa tairi la akiba kwenye buti, akatoa jeki na spana, akavisukumia vyote chini ya kitanda ili gari liwe jepesi. Mkewe akamuuliza, "Na mkipata pancha huko njiani?" Akajibu kwamba pancha ni bahati mbaya lakini mafuta ni lazima, na mwenye akili haachi lazima akakimbizana na bahati. Ndivyo alivyokuwa mzee huyo. Hata akiwa amebanwa kwenye kona, ulimi wake ulipata pa kutokea.

Jina la Klachi walimpa wanafunzi wake. Alikuwa na chuo cha udereva, na mtu asikie neno chuo akadhani kuna ghorofa. Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga ubavuni mwa fundi viatu, chenye meza, benchi, na picha za alama za barabarani zilizopigwa jua mpaka ile nyekundu ya "simama" imekuwa rangi ya fizi. Nje liliegeshwa gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi, nyingine ya mwalimu. Humo ndimo alimozeekea, akipiga kelele, "Klachi! Klachi kwanza, ndugu yangu, unataka kutuua?" Alijivuna kwamba hajawahi kutoa mwanafunzi akafeli mtihani kwa ujinga. Kwa woga, ndiyo, wapo. Kwa ujinga, hakuna. Maneno hayo aliyasema kwa kila aliyetaka kuyasikia na kwa wengi wasiotaka.

Sasa mafuta yakamfundisha yeye. Alianza na alichokiita masomo ya kiti. Mwanafunzi anakaa kwenye usukani, injini imezimwa, gari limesimama palepale mbele ya fundi viatu, na Mwalimu Klachi ananguruma kwa mdomo. Akinguruma kwa sauti nene, mwanafunzi anajua ni gia ya kwanza. Sauti ikipanda, abadilishe. Akichelewa, Mwalimu anakohoa na kutetemeka kitini, maana yake gari limezimika. Fundi viatu alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. "Mwalimu," alisema, "siku ukipata mafua, chuo kimefungwa." Gari likapewa jina la Bubu. Wanafunzi wengine wakahama. Waliobaki ni wale ambao hata kwingine wasingeweza kulipa.

Redioni, kila bei ilipopanda, mtu mwenye sauti ya asali alisema kumekuwa na marekebisho. Marekebisho! Kitu hurekebishwa kikiharibika, na kilichokuwa kimeharibika ni sisi. Mwalimu Klachi aliizima redio kwa hasira, akasema anayemtia mwenzake kidole cha jicho angalau asimwambie anampaka wanja. Alisema kweli. Ila yeye mwenyewe naye alikuwa mbioni kupata neno lake tamu.

Alikuwa na binti, kitindamimba wake, mama wa mtoto mmoja asiye na baba wa kuonekana. Binti huyu alikuwa akipiga deki wodi za hospitali. Alikuwa mchangamfu, mwenye mikono ya kazi, asiyejua kununa. Hospitali ilipopata gari jipya la wagonjwa, muuguzi mkuu alimwita pembeni akamwambia, "Mimi nataka dereva asiyekunywa na asiyeringa. Niletee leseni kabla mwezi haujaisha, usukani ni wako. Ukichelewa, kuna mpwa wa mhasibu, na yule leseni anayo tayari." Binti alirudi nyumbani akiruka kama mtoto. Kutoka kwenye ndoo na tambara mpaka kwenye usukani, mshahara mara mbili, na sare yenye mifuko! Mama mtu alipiga vigelegele. Baba mtu akasema, "Leseni ni kitu gani? Umezaliwa ndani ya leseni."

Lakini waliosema mganga hajigangi hawakukosea. Wanafunzi wanaolipa ndio waliokuwa na haki ya mafuta. Binti alibakiwa na yale ya chini ya tangi, mshale ukiwa umelala kwenye wekundu, jioni anapotoka kazini. Baba yake akapima, akapanga, akaona njia ni moja. Kulikuwa na mteremko mrefu wa lami unaotoka juu kwenye tangi la maji la mtaa hadi njia panda ya chini. Wakipanda, injini inafanya kazi kwa sababu hakuna namna. Wakifika juu, anamwambia binti azime, aachie gari lishuke lenyewe. Hivyo kwa mafuta ya safari moja walipata safari mbili. Gari lilikuwa la zamani, usukani wake wa nguvu za mikono haukujali injini iko hai au imekufa, na breki zikishupaa mguu wa mwalimu ulikuwa tayari upande wa pili.

Siku ya kwanza binti aliuliza, "Mbona tunazima, baba?"

Hapo ndipo palipoharibika kila kitu. Angeweza kusema, mwanangu, mafuta hakuna, nabana, lakini wewe ukiwa na gari la watu usithubutu. Maneno hayo hayana uzito, mtu anayasema huku anapiga miayo. Yakamkwama. Huyu mtoto alimjua baba yake kuwa bingwa wa barabara, na mzee hakutaka aonekane na binti yake kuwa mtu wa kuhesabu matone. Akajikohoza. "Tunaipumzisha injini," alisema. "Ni ufundi wa zamani huo. Injini ni kama punda, ukimpandisha mlima, mteremkoni umpumzishe. Madereva wa siku hizi hawajui."

"Kumbe!" binti alisema, akaamini. Kwa nini asiamini? Mficha uchi hazai, lakini mzee huyo alikwisha kuzaa, na aliyemzaa ndiye aliyekuwa akimficha.

Wakawa wanapumzisha injini kila jioni. Binti alishika haraka. Alibadilisha gia kwa ulaini, aliangalia vioo bila kukumbushwa, alirudi nyuma kati ya mawe mawili bila kuyagusa. Akifika juu kwenye tangi la maji, mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo wenyewe, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Mzee akamtazama akaona fahari, akasahau kwamba huyu hajawahi hata siku moja kushuka mteremko na injini inayounguruma. Alikusudia Jumamosi ya mwisho kumshusha ipasavyo, kwa gia, kama vitabu vinavyotaka. Ijumaa redio ikatangaza marekebisho. Jumamosi wakafanya masomo ya kiti, na mzee akanguruma.

Siku ya mtihani waliamka mapema. Mama alimpigia binti blauzi pasi kwa nguvu kama anapigana nayo. Njiani baba alimkumbusha kila kitu: mkanda, vioo, taa, usimjibu afande kabla hajamaliza kuuliza, usishike usukani kama unakamua nguo. Kila kitu isipokuwa kile kimoja, maana kwake kilikuwa wazi mno kusemwa.

Uwanja wa mtihani ulikuwa juu ya kilima. Nje ya geti barabara ilishuka moja kwa moja hadi sokoni. Walimu wa vyuo vingine walikuwa wamekaa ukutani, wakilalamikia mafuta, kila mmoja na kilio chake. Afande mkaguzi, mtu mnene wa sauti ndogo, aliingia kwenye Bubu upande wa mwalimu. Binti akazunguka uwanja vizuri. Akarudi nyuma vizuri. Akapanda tuta akasimama katikati ya mlima, akaondoka bila kurudi nyuma hata inchi. Mwalimu mmoja akamgusa Klachi begani. "Huyu ni damu yako kweli." Klachi akatabasamu mpaka masikioni.

Gari likatoka getini, likaelekea mteremkoni. Kisha kikaja kimya.

Wenzake walidhani limezimika. "Mafuta yamekwisha!" mmoja alisema, wakacheka. Yeye peke yake alijua. Moyo ukamshuka hadi kwenye soksi. Alisimama, akakimbia hadi getini kwa miguu yake mizee, akaliona gari jeupe likiteleza kwa amani kuelekea soko lililojaa watu. Kisha likayumba, likapiga ukingo wa barabara, likasimama. Hakuna aliyeumia. Breki za mguu zilikuwa zimeshupaa, na afande alikuwa ameivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili.

Walirudi afande akiendesha, jasho likimtiririka. Aliegesha, akashuka, akaubamiza mlango. Binti alishuka upande wa pili, bado hajaelewa kosa ni nini.

"Nimemuuliza kwa nini amezima gari mteremkoni," afande aliwaambia wote waliokuwa pale. "Mnajua amenijibu nini? 'Naipumzisha injini, afande.' Akaongeza kwamba ni ufundi ambao siku hizi haujulikani!"

Ukuta mzima ukaangua kicheko. Afande hakucheka. Alimgeukia Klachi. "Mwalimu, huyu ni mwanafunzi wako. Ndivyo unavyofundisha? Maana anayefundisha watu kuzima gari mteremkoni, mimi namfungia chuo leo hii, kabla sijanywa chai."

Mtu akikaa mbali anaweza kusema maneno mazuri. Angesema ndiyo, afande, ni mimi, mtoto hana kosa. Mimi ningesema hivyo, na wewe unayesoma ungesema hivyo, sote mabingwa tukiwa tumekaa. Klachi aliwaza chumba ubavuni mwa fundi viatu. Aliwaza jina lake. Aliwatazama wale walimu wanaofuta machozi ya kicheko, ambao kwa miaka mingi aliwaambia kwamba kwake hafeli mtu kwa ujinga.

"Hapana, afande," alisema. "Sifundishi hivyo. Huyu ana vitu vyake. Nimemkataza, hasikii."

Binti alimtazama baba yake. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake, anayejiuliza kama aitike.

"Ni kweli ulikatazwa?" afande aliuliza.

"Ni kweli, afande," alisema. "Nilikatazwa."

Afande akamwambia amefeli, arudi baada ya miezi mitatu, na akirudi aje na adabu. Akamwambia Klachi, kwa sauti ya upole kidogo, "Pole, Mwalimu. Watoto wa siku hizi." Klachi akasema asante.

Miezi mitatu na mwisho wa mwezi havikai chungu kimoja. Binti alipitia hospitali kumwarifu muuguzi mkuu, maana alisema ni heri asikie kutoka kwake mwenyewe. Baba alimngoja nje garini. Alimwona kupitia dirisha la ukumbi, amesimama na mikono nyuma, anatikisa kichwa kukubali kila anachoambiwa. Alipotoka alikuwa ameshika ndoo. Alisema zamu yake inaanza saa nane, hakuna maana ya kwenda nyumbani na kurudi, lakini baba akamwambia aje kwanza ale, mama anangoja.

Mama alikuwa amewaandalia chakula cha sherehe. Alipowaona nyuso akaweka sahani chini. "Nini?"

"Amefeli," mzee alisema.

"Amefeli vipi? Si ulisema anajua?"

Mzee akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Binti ndiye aliyejibu. Alisema alizima gari mteremkoni, wakati baba alikwisha kumkataza.

Mama alikaa chini. Kisha hasira zikampanda. Alisema mtoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwamba baba yake amepoteza mafuta, mafuta haya ya siku hizi, jioni baada ya jioni, kwa ajili yake, na malipo yake ndiyo haya, kumwaibisha mbele ya watu. "Huoni hata haya? Mwombe baba yako radhi. Sasa hivi."

Mzee akafungua mdomo. Ulimi ule ambao siku zote ulipata pa kutokea ulikuwa umelala. Akaufunga.

Binti akapiga magoti karibu na kiti chake, kama alivyolelewa, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, baba. Nimekuaibisha."

Mama aliwatazama wote wawili, akingoja. Chakula kilikuwa kinapoa. Mwalimu Klachi akamwekea mwanawe mkono kichwani, akamsamehe.