Kijiko Kimoja Kutwa Mara Tatu

Mama Vipimo alikuwa na miaka kumi na tisa nyuma ya dirisha la duka la dawa, na jina hilo la utani hakuliokota barabarani. Huyu ni mtu aliyepima mafuta ya kukaangia kwa bomba la sindano. Sasa akaona kwenye simu kwamba watu wenye hadhi hubadilisha ladha ya kahawa kila msimu. Kahawa, ambayo sisi wengine tunaichemsha, tunakunywa na kwenda zetu, ikawa mradi.

Tusimcheke sana, sababu alikuwa nayo. Baba yake alihamia kwake mama alipofariki, na enzi za uhai wa mama wazee hao wawili walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila alasiri. Kisha kaka yake akapiga simu: Jumamosi anakuja kumchukua mzee, tena mzee mwenyewe ndiye aliyeomba. Mama Vipimo aliumia. Alitaka baba abaki, alitaka mno, lakini kumwambia mtu hivyo usoni ni kazi ngumu. Afadhali kuchemsha mdalasini.

Tayari alikuwa ameanza na shira ya msimu wa mvua: sukari, mdalasini, tangawizi, vyote vimepimwa kwa gramu, vikachujwa kwa kitambaa mara mbili. Akaijaza katika chupa ya kahawia kutoka dukani, safi kabisa. Akabandika karatasi, na mkono uliozoea ukaandika wenyewe: Kijiko kimoja kutwa mara tatu. Tikisa kabla ya kutumia. Weka mbali na watoto. Mtoto pekee katika nyumba ile alikuwa yeye, mwenye miaka arobaini na saba. Neno kahawa halikuandikwa popote, maana nani asiyejua?

Kila asubuhi aliiacha chupa hiyo mezani kwa baba, pamoja na birika na kikombe, akakimbilia kazini. Jioni shira ilikuwa imepungua na birika limejaa vilevile. Mtu mwingine angeuliza. Mtaalamu wetu akahitimisha kwamba mdalasini haukutosha, akapika nyingine ya maganda ya machungwa na karafuu, akabandika karatasi ileile.

Ijumaa alirudi mapema. Akamkuta baba amesimama wima, kijiko mkononi, macho ameyafumba. Akameza, akakunja uso, akashushia maji.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakunywa dawa, mwanangu. Hii mpya kali kuliko ile ya kwanza, ila goti limepata nafuu."

"Na kahawa je? Mbona huigusi?"

"Nani anachanganya kahawa na dawa? Si wewe mwenyewe unawakataza watu?" Mzee akaketi taratibu. "Hebu niambie ukweli. Naumwa nini? Nimeshamwita kaka yako aje anichukue. Sitaki nikufie hapa, uhangaike peke yako."

Wiki mbili nzima mzee wa watu alikuwa anajiandaa kufa, kwa sukari na maganda ya machungwa. Mama Vipimo akamwondolea kijiko mkononi.

"Huumwi chochote, Baba. Hiyo ni ya kutia kwenye kahawa. Niliona labda utafurahi."

Baba akaigeuza chupa, akaisoma tena karatasi kwa makini, neno kwa neno.

"Kwa hiyo siumwi."

"Huumwi."

"Na birika uliliona limejaa kila siku."

"Nililiona."

"Hukuniuliza hata siku moja."

Mtu anayewauliza wagonjwa mia kwa siku wanasikia maumivu wapi, nyumbani alikuwa akitazama chupa tu. Akavuta kiti, akamimina kahawa tupu katika vikombe viwili, nusu ikamwagika mezani.

"Kaka yako akifika kesho nimwambie nini?" baba akauliza.

"Mwambie nataka ubaki."

"Mimi mwenyewe hujawahi kuniambia."

"Nakuambia sasa, Baba."