Mawe Manne ya Gadeni

Nyasi ikifyekwa asubuhi, kabla jua halijaikausha, pua yangu hunitoa popote nilipo na kunipeleka Gadeni. Haijali kama nimeshika mwiko au Biblia. Harufu hiyo ikichanganyika na maua ya jakaranda yaliyokanyagwa na viatu vya watu, na lile vumbi chungu la kiwanda cha pareto lililokuwa likipeperuka mjini siku za upepo, basi mimi ni mtoto wa miaka tisa tena. Nimebeba shuka kichwani na mawe manne kwenye kikapu, nakimbia nifike kabla ya Mama Otis.

Ngojeni niwaeleze polepole. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo msitegemee maneno yaliyopigwa pasi. Lakini kichwa changu kinashika vitu. Hata rangi ya soksi za watu wa siku hizo naikumbuka.

Gadeni ni ile bustani ya mjini Nakuru yenye miti mikubwa ya tangu enzi za wakoloni. Zamani hizo, Baba alituambia, mtu kama yeye aliingia mle na fyekeo mkononi, na akimaliza kufyeka anatoka. Baada ya Uhuru geti likawa letu sote. Jumapili mchana bendi zilianza kuja kupiga muziki wa bure kwenye jukwaa la mbao, na mji mzima ukahamia nyasini. Watu walitoka kanisani na nguo zao nzuri wakaja moja kwa moja, sufuria zimefungwa na taulo chakula kisipoe.

Sasa, kupata nafasi kulikuwa na sheria yake. Kila nyumba ilituma mtoto mapema, atandike shuka na kuweka jiwe kila pembe. Mawe manne. Ukishaweka, hata ukienda msalani, hata ukienda kucheza mpaka usahau jina lako, hakuna mtu angegusa. Lakini shuka bila mawe ilikuwa nguo iliyoanguka tu. Mtu yeyote angeikalia. Mawe yetu yalikuwa meusi, ya mto, na Mama aliyaosha kila Jumamosi pamoja na vikombe, ati mtu asiseme sisi tumetoka Bungoma na mawe machafu.

Kazi hiyo ilikuwa yangu, na Baba alinipa amri moja. "Nekesa, mbele kabisa. Pale pembeni, mbao za jukwaa zinapogusa nyasi. Si hatua moja nyuma."

Baba alikuwa fundi wa boila katika karakana moja ya mjini. Kazi yake ilikuwa kuingia ndani ya tangi la chuma na kugonga, kutoka asubuhi mpaka king'ora. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, wa maneno machache. Nyumbani kwetu kulikuwa na adabu ambayo sikuiona kwa jirani yeyote: hukusema na Baba kabla hujamgusa mkono, ukasimama mbele yake, akakutazama. Ukimwita kutoka nyuma, Mama alikufinya. "Baba yako si ng'ombe wa kuitwa kwa mgongo!" Mimi nilijivunia adabu hiyo. Nilijua sisi ni watu wa heshima kuliko wale wa mlango wa pili, waliokuwa wakipigiana kelele kama wako ng'ambo ya mto.

Ukutani alikuwa ametundika litungu, ile ala ya nyuzi ya kwetu, ambayo alikuwa akiipiga kwenye harusi kabla sijazaliwa. Aliipangusa vumbi kila wiki, akairudisha kwa msumari. Kuipiga, hapana. Nilidhani amekuwa mvivu.

Nafasi yake ya Gadeni niliichukia. Hakukuwa na kivuli hata cha kufunika kuku. Ngoma kubwa ilikuwa juu ya vichwa vyetu, inakutikisa mpaka meno. Na Baba alikuwa na tabia yake: akishakaa, anaweka kiganja kwenye mbao za jukwaa na kukiacha hapo mpaka mwisho, macho yamefungwa, kichwa kinaenda hivi, hivi. Watoto wa mtaa walikufa kwa kicheko. "Nekesa, leo baba yako ameshikilia jukwaa lisianguke?" Wiki nzima, kisimani, shuleni, kila mahali. "Msalimie fundi wa jukwaa!"

Basi ikaja Jumapili moja ambayo Baba alikuwa ameingoja kama mtoto anavyongoja Krismasi. Kulikuwa na bendi inatoka upande wetu wa magharibi, na habari zilikuwa kwamba pamoja na magitaa kuna mzee anayepiga litungu. Baba aliwaambia watu wote wa karakana. Alipiga kiatu rangi mara mbili. Asubuhi hiyo alinishika mabega, akarudia: "Mbele kabisa, mama. Leo usiniangushe."

Nikaenda. Nikatandika pale pale, nikaweka mawe yangu manne, nikakaa juani nikichomeka. Mama Otis akafika. Huyu alikuwa jirani yetu, mwanamke mpana mwenye mwavuli wa maua, na mandazi yake yalijulikana mpaka Njoro. Akatandika chini ya jakaranda, nyuma huko kwenye kivuli, akaniangalia kwa huruma.

"Wewe Nekesa! Utaiva huko kama hindi. Kuja hapa, kuna nafasi. Lete shuka yenu."

"Baba alisema mbele."

"Baba yako ni mtu mkubwa wa heshima, na wewe unamweka juani kama nguo? Kuja. Mandazi iko moto."

Sitawadanganya, nikiwa mzee hivi. Haikuwa huruma ya Baba iliyoninyanyua. Ilikuwa mandazi, na ilikuwa ile hamu ya kukaa siku moja kama watu wengine bila kuchekwa. Nikaokota mawe yangu, nikavuta shuka, nikahamia kivulini. Nikala mandazi mawili na nusu, na hiyo nusu nilimalizia njiani nilipokuwa nikimfuata Mama getini.

Baba alipofika na koti lake la pekee, alitembea moja kwa moja hadi mbele. Akasimama. Akatazama nyasi, akatazama familia ya wageni iliyokuwa imeshakaa pale. Mama akamgusa mkono, akamwonyesha mti. Akaja polepole. Hakunipiga, hakuniuliza kitu. Alikaa tu, akakunja mikono magotini. Mama ndiye aliyenipa yale macho ya kusema tutaonana nyumbani.

Bendi ikaanza. Mtu wangu, watu walisimama! Mama Otis alitupa mwavuli, akina mama walifunga leso viunoni, jakaranda ikamwaga maua juu yetu kama inatuza. Na yule mzee wa litungu akatoka mbele, akakaa kwenye kigoda, akaegemeza ala yake kwenye mbao, njuga mguuni, akaanza kukanyaga. Nikageuka nimwone Baba akifurahi.

Baba alikuwa anatazama midomo ya watu. Mara huyu, mara yule. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika stesheni akakuta treni imeondoka. Mama alikuwa amemwekea vidole gotini, anagonga, anagonga, na Baba alitikisa kichwa taratibu kumwambia aache.

Sikuelewa. Nilijua tu kwamba nimevunja kitu. Nikanyakua mawe kutoka pembe za shuka yetu, nikayatia kwenye sketi, nikapita katikati ya miguu ya wachezaji mpaka mbele.

Wale wageni walikuwa mzee mmoja mwenye gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya shambani, mke wake na binti zao wawili. Wamemenya viazi vya kuchemsha juu ya gunia safi. Nikaangalia pembe za gunia lao. Hakuna jiwe! Hata moja! Watu wa watu hawakujua sheria. Sikusema hodi wala shikamoo. Nikaweka jiwe langu pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, na la nne nikamwambia yule mama asogeze mguu.

Mzee akaacha kutafuna. "Toto, ni nini hii? Umekuja kutupimia shamba?"

"Kitambaa bila mawe si cha mtu," nikasema, na machozi yanatoka. "Hapa ni pa baba yangu."

"Ai! Mama, sikia!" Akamgeukia mkewe. "Tumetoka Kuresoi na viazi vyetu, na hapa mjini hata nyasi ina mipaka! Baba yako ni nani, diwani?"

"Ni fundi. Yule kwa mti. Ni lazima akae hapa ashike mbao. Mimi nilimhamisha."

"Ashike mbao afanye nini?"

"Sijui," nikasema. Ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Sikujua.

Yule mzee alimwangalia Baba kwa mbali, kwa muda. Kisha akawasukuma binti zake kwa kiwiko. "Sogeeni. Mwite. Na umwambie alete mikono mitupu, viazi viko."

Nikarudi mbio. Nikamgusa Baba mkono, nikasimama mbele yake, nikasema, "Njoo." Akanifuata, akakaa kwenye gunia la watu asiowajua, kati ya viazi na gambuti, akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye mbao.

Nikiwaambia uso wake ulifunguka, mtaona ni maneno. Alicheka kwa sauti. Baba yangu, mtu wa kucheka na mabega tu! Njuga zilikanyaga, kiganja chake kikatetemeka, akaanza kuimba ule wimbo wa kwetu wa harusi, nje kabisa ya sauti ya bendi, kama mbuzi amepanda meza, na hakuna aliyejali. Mzee wa Kuresoi alimtazama, akafuta mkono kwenye suruali, akaweka kiganja chake pia. Akashtuka. "Haki ya nani, mama, weka mkono hapa! Inatembea!" Mkewe akaweka. Binti wakaweka. Watoto wa mtaa, wale wale wa kunicheka, walikuja kuona kuna nini, wakaweka. Mwishowe safu nzima ya mbele ilikuwa imeinama imeshika jukwaa, na mpiga litungu akatuangalia kwa kutuonea huruma, nadhani alifikiri mbao zimevunjika.

Nyumbani Mama hakunipiga. Aliyaosha mawe siku hiyo hiyo, bila kungoja Jumamosi.

Miaka ilipita. Niliolewa, nikazaa, Baba tukamzika kwao. Siku moja nilikuwa na Mama tunachambua maharagwe, nikamkumbusha habari ya mandazi. Akacheka, kisha akasema hivi hivi tu, vidole vikiendelea kutoa takataka:

"Masikio ya baba yako yalibaki ndani ya boila. Ulipoanza kutembea alikuwa anasikia nusu. Ulipoanza shule hakuwa anasikia kitu."

"Na mbona hakusema?"

"Aseme atolewe kazini, na kwenye nyumba ya kazi pia? Tungelala wapi? Tulijua sisi wawili."

Nikaacha maharagwe. Basi ile haikuwa adabu. Kugusa mkono kwanza, kusimama mbele, kusema mdomo ukionekana: ilikuwa siri ya nyumba, nami nimeibeba miaka yote nikijidai nayo kanisani. Litungu ilitundikwa kwa sababu hiyo. Nikamuuliza kitu ambacho kilinichoma kuliko vyote. "Kwa hivyo sauti yangu hakuijua?"

"Ukiimba alikuwa anakuwekea mkono mgongoni. Wewe ulidhani anakubembeleza?"

Ndiyo. Nilidhani ananibembeleza.

Adabu hiyo sikuifuta. Niliwafundisha watoto wangu, nao wakawafundisha wa kwao. Na sasa mjukuu wangu Nafula ni mwimbaji. Si kwaya, ni yule wa mabango mjini, nywele zake sitazielezea. Ananiita shosho, yaani bibi, kama watoto wote wa Nakuru; Kibukusu, lugha yetu, amebakisha cha kuombea chakula. Jumapili iliyopita aliimba Gadeni. Mimi nilifika asubuhi, nyasi ndiyo kwanza inafyekwa, na shuka yangu na mawe yangu manne. Vijana wa spika walicheka, wakaniita mama kwa Kiswahili chao cha mjini. "Mathe, kuna viti vya wageni hapo nyuma, kwa tenti." Nikawaambia tenti wawekee wazazi wao.

Watu walijaa mpaka barabarani. Kabla hajaanza, Nafula alikuja ukingoni mwa jukwaa, akachuchumaa na viatu vyake virefu, akanigusa mkono, akangoja nimtazame. "Shosho, uko sawa hapo?" Mimi ambaye nasikia hata panya wa jirani akikohoa! Nikamwambia niko sawa, aende akaimbe, na avute hiyo nguo chini.

Ngoma ikaingia. Nikaweka kiganja kwenye mbao. Askari wa geti, msichana mdogo mwenye kofia kubwa, akanijia akicheka. "Mathe, umeshikilia stage isianguke?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Kuja unisaidie."

Akaangalia huku na huku kama mkubwa wake hamwoni. Akainama, akaweka mkono karibu na wangu, na nikauona uso wake ukibadilika.