Siku Ooko Alipomshusha Mkewe

Mimi hupakia mizigo katika uwanja wa ndege wa Kisumu, na nimechoka kusikia watu wakimsengenya Ooko. Wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Ooko ni fundi wa ndege, mzaliwa wa Bondo, mkimya, na akiwa kazini hashauriki. Mkewe, Nelima, huuza vitenge sokoni Kondele. Asubuhi hiyo Nelima alikuwa ndani ya ndege ya kwanza. Mama yake alikuwa amelazwa Nairobi, na daktari alikuwa amewaambia watoto waje haraka.

Milango ilikuwa imeshafungwa rubani alipoona taa ya onyo: mtambo mmoja wa kupoza hewa umepata joto kupita kiasi. Akauzima, na bado harufu ya kuungua ikaingia kwa abiria. Ooko akaitwa. Kwenye tundu la kuvutia hewa alikuta sam, wale wadudu wadogo wa ziwani, wameshikana na vumbi kama ukoko wa ugali. Akawakwangua wote. Harufu haikuisha.

Mtambo wa pili ulikuwa mzima, na wakubwa walitaka ndege iondoke nao huo huo. Ooko akaingia ndani, akinusa kiti kwa kiti, mpaka akafika kwa mkewe.

"Baba Griffins, si tuende tu na hiyo moja? Ni safari fupi, aki."

"Mama Griffins, sijui hii harufu inatoka wapi. Shuka."

"Mama ananingoja!"

"Najua. Shuka."

Abiria wote wakashushwa, wakamtukana mpaka nikataka kupigana. Baadaye bomba la hewa moto lilikutwa limepasuka chini ya sakafu. Lingefanya nini angani, hakuna ajuaye.

Ndege nyingine ilikuja alasiri. Husemwa kawia ufike. Nelima alikawia, akafika, akakuta mama yake ameshafunikwa uso.

Kwenye mazishi, huko Bungoma, kaka yake Nelima, Wakhisi, alishika maikrofoni akasema mama aliita jina la Nelima mpaka mwisho, na waliomchelewesha wana Mungu wa kumjibu. Ooko aliinama. Nelima akasimama.

"Aliyenishusha ni mume wangu. Ndege ilikuwa imejaa watoto wa watu. Mama alitaka kuniona, hakutaka kunizika. Mwacheni."

Machozi yalimtoka Ooko mbele ya wakwe zake. Akasogea ili mkewe apate pa kuketi kwenye benchi. Nelima akampita, akaenda kuketi na dada zake.