Kopo Lililopata Moto

Mume wangu Felisiani ni mtu wa kusema jambo moja mara kumi. Mpe uji atakuonya kwamba ni wa moto, wewe uliyeupika. Hapa Mugango majirani wanamcheka, na mimi nilikuwa nawashinda wote kwa kumcheka, mpaka nilipojua sababu.

Zamani alikuwa mtunza vinyago vya uokoaji, vya kupumulia moshi ukijaa chini, katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Butiama. Kila kinyago kilikuwa na kopo la bati lililozibwa, ndani yake chembe nyeusi za oksidi za shaba na manganizi. Moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, kaboni monoksidi. Ikipita kwenye zile chembe pamoja na hewa, inageuka kuwa hewa ya kawaida tunayoitoa puani, na chembe zenyewe hazipungui. Ila kazi hiyo inazaa joto. Sumu ikiwa nyingi, pumzi inakuja ya moto mpaka inachoma koo.

Mgodi ulifungwa miaka ile tulipokuwa tunapanga foleni ya sabuni Musoma. Felisiani akarudi na goti bovu na kinyago kimoja. Nilimtania kwamba wenzake wameondoka na mabati ya kuezekea, yeye kaniletea mdomo wa mpira.

Mwaka 1992 biashara ilikuwa imeachiwa huru, na wachimbaji wadogo wakaingia kwenye mashimo ya zamani. Mdogo wangu Ngolo alikuwa mmoja wao. Mimi niliwauzia uji, na Felisiani alishinda pale akiwaonya juu ya mashimo kubomoka, kinyago chake begani. Ngolo alikuwa na kicheko unachokisikia kabla hujamwona mwenyewe. Hata leo asubuhi nimekitamani.

Siku hiyo walishusha pampu ya petroli shimoni kuvuta maji, na mwenzao Kija akazimia huko chini. Ngolo akasema anamfuata. Felisiani, ambaye goti halikumruhusu kushuka, alimvisha kinyago haraka haraka, akambana pua kwa kibanio chake, akamfunga kamba kiunoni, akamwambia ang'ate ule mpira. Kija akapandishwa kwa kamba nyingine, na alipona. Kisha kamba ya Ngolo ikalegea. Tulipomvuta juu alikuwa ameshakufa, na kinyago kilikuwa mkononi mwake.

Nilikinyakua. Kopo lilikuwa bado lina moto. Nikaona hilo ndilo lililomuunguza mdogo wangu, nikalitupa kwenye shimo la jirani lililojaa maji. Watu walisema kinyago kilikuwa kibovu, na kwa miaka mitatu niliulaani ule mgodi kilikotoka kila nilipopiga magoti kusali.

Tulikuwa tumeshahamia Mugango, tunamenya mihogo, Felisiani alipoweka kisu chini.

"Mama Esta, kile kinyago kilikuwa kizima," alisema. "Nilikuwaga nawaambia wachimbaji wa kule mgodini kila Jumatatu, kikipata moto ujue kinakuokoa, usikivue. Shemeji sikumwambia. Ilinitoka kichwani."

Nilichukua khanga zangu nikaenda kwa mama, Bunda, nikakaa miezi miwili. Nilikuwa na hasira naye, sitadanganya. Nilirudi kwa sababu isipokuwa yeye, hakuna mtu mwingine duniani anayemkumbuka Ngolo kama ninavyomkumbuka mimi. Siku hizi akiniambia uji ni wa moto, namwambia nimesikia, baba Esta.

Kwa kusahau kwake nimeshamsamehe. Kinachonitesa ni mikono yangu mwenyewe. Joto lile halikuwa la kumuunguza, lilitokana na hewa aliyoivuta mdogo wangu, pumzi kwa pumzi, alipokuwa anamfunga Kija kamba. Nililishika, nikalitupa majini lipoe. Natamani kulishika tena, hata kwa dakika moja.