Siku Maharagi Yangu Yalikataa Kuiva ku Radio

Aibu hii ni yangu na nitaieleza mwenyewe, juu ukiwaachia majirani waeleze aibu yako, wanaongeza pale haikuwa na wanapunguza pale ilikuuma, na mimi sipendi kazi ya mkono mwingine iitwe yangu. Nilisema uongo mbele ya Bukavu nzima, mchana, ku radio, juu ya sufuria moja ya maharagi. Ni hivyo. Mukae niwaambie vile ilianza.

Mimi ni fundi wa mbabula, majiko ya bati ya kupikia. Masomo niliachia mwaka wa tatu wa shule ya musingi (mwalimu alifikiri nitarudi nikilia, mpaka leo anangoja), lakini bati ninalijua, na nyumba yenye ninalala niliijenga kwa nyundo. Miaka mingi nilitengeneza mbabula za kawaida, zile zinakula makala, makaa ya miti, kama mgeni asiye na haya. Kisha makala ikapanda bei, pori zikazidi kwenda mbali, gunia yenye zamani ilitoka hapa Kabare ikawa inatoka kule hata dereva hapendi kukutajia, nami nikaketi nikafikiri, nikatengeneza mbabula ingine: bati inje, ndani udongo wa Mudaka uliochanganywa na majivu, na mulango mudogo wa hewa wenye unafunga na kufungua. Makala kidogo, moto mingi. Hakuna mtu alinifundisha. Niliunguza vidole mpaka nikajua.

Lakini mbabula nzuri haijisemei. Watu walikuja ku atelye yangu Kadutu, wakaiinua, wakasema "iko nzito," wakaenda kununua ile nyepesi kwa jirani. Ikafika siku nikawaambia wale watu wanne wanapiga bati pamoja nami kwamba tukikosa komande, watu wa kuagiza, mwezi huu, mwezi ujao kila mtu atafute kwake. Mkubwa wao, Murhula, ana watoto sita. Alichukua nyundo yake akaendelea kupiga, na ile kupiga ilinikaa mu kichwa siku nyingi.

Ni wakati ule Mademoiselle Neema alikuja kuniona. Ni yeye anaongoza ile emisyo, kipindi ya radio ya kila Jumamosi, yenye inafundisha watu kutunza makala, kuzima ampuli za taa mchana, kupanda miti nyuma ya nyumba. Anaiongoza kwa Kiswahili chetu, na michezo na kicheko, hata wale wasiopenda kufundishwa wanaisikiliza. Aliniambia wamama wa chama ya parokia wanatafuta mbabula moja yenye watatumia wote, nyumba sitini, na wanataka kuona kwa macho kwanza.

"Tutapika maharagi mu kiwanja ya parokia, direkti ku radio, muji wote ukisikia," akasema. "Kopo moja kubwa ya makala, ile ya maziwa, basi, hakuna kuongeza. Nitaomba maman mumoja wa chama apike."

Nyumba sitini! Nilimwangalia Murhula, naye alikuwa ameacha kupiga. Kitu nilipaswa kusema ni "ndiyo, aksanti." Nikasema: "Hapana. Mbabula ni yangu, nitapika mwenyewe."

"Papa Birindwa, unajua kupika?"

"Nilipika maharagi mbele mama yako azaliwe."

Mimi sikuwa nimepika hata maji ya chai. Nilitoka mikononi mwa mama yangu nikaingia mikononi mwa Maman Nabintu, bibi yangu wa ndoa, na kati ya hao wawili nilikula mikate na karanga. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na mimi neno langu silirudishi (ni ugonjwa, sasa ninajua).

Jioni nilimwambia Maman Nabintu. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akapangusa macho na kuanza kusema kweli.

"Basi uyaloweke maji tangu Ijumaa jioni, yalale ndani."

"Nikiyaloweka, watasema ni maji iliyapika, si mbabula yangu."

"Na nani alikuambia ni moto peke yake unapika?"

"Ni nini ingine? Wewe unakaa tu pembeni."

"Sawa, baba," akasema. "Nami nitakaa pembeni."

Ijumaa nilienda mwenyewe ku soko. Nilichagua maharagi vile ninachagua bati: yenye kung'aa, magumu, yasiyo na kovu. Yule maman aliyeuza alikuwa mtu wa haki, simulaumu. Aliniambia, "Papa, haya yamekaa sana, ni ya msimu wa zamani, yanataka moto mingi." Nikamjibu, "Moto ninao." Nikaenda na maharagi yangu nikijiona mwanaume.

Jumamosi saa tatu kiwanja ilikuwa imejaa. Wamama wa chama mbele ku mabenchi, Maman Presidante wao katikati na kitambaa chake cha sherehe, watu wangu wanne nyuma wamevaa mashati safi, na Maman Nabintu pembeni kabisa, peke yake, mikono juu ya magoti. Maman Presidante mwenyewe alipima makala mu kopo, akafunga gunia kwa kamba, akaikalia. Mademoiselle Neema akaniletea mikro.

"Papa, watu wa Bukavu wanakusikiliza. Tutakula saa ngapi?"

"Saa sita," nikasema. "Kengele ikilia, mulete sahani."

Nikawasha. Moto ulishika vizuri sana, ile moto ya bluu, na wamama wengine wakasogea kuangalia. Nikatia sufuria, maji, maharagi, na pale pale nikatia chumvi, mukono muzima.

"Weeh, chumvi tayari?" mama mumoja akauliza.

"Ni namna yangu," nikasema.

Wakaangaliana. Mimi nilifikiri wananisifu.

Saa ine, Mademoiselle akarudi na mikro: "Papa, tuko wapi?" Nikafunua kifuniko niwaonyeshe. Maji yanachemka, maharagi yanaruka-ruka ndani kama kokoto mu mufereji. Saa ine na nusu akauliza tena, nikafunua tena. Saa tano tena. Kila mara mvuke wote unaenda mbinguni, na mtu nyuma akapiga kelele, "Muzee, funika! Emisyo ya juma lililopita ilisema mufunike!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, juu nilikuwa bado na tumaini.

Ubaya wa radio ni kwamba haikai mahali moja. Kila mara Mademoiselle alisema "maharagi ya Papa Birindwa bado," watu waliosikia ku soko wanashuka kuja kuona, wenye mapikipiki wanasimama na wateja wao nyuma, watoto wanapanda ku ukuta. Simu zikaanza kuingia. Mtu akaita kutoka kisiwa cha Idjwi, sauti yake ikatoka mu bafle kubwa juu ya kiwanja.

"Allô, munipatie ule muzee. Papa, siye huku tulitia maharagi ku moto kisha kukusikia unaanza. Tumekwisha kula, na bakuli tumeosha. Wewe umefika wapi?"

"Unapika na nini?" nikamuuliza, kwa hasira.

"Na kuni tu, papa, ku mafiga. Hatukuambia mtu saa."

Kiwanja nzima ikacheka, na mimi ninaangalia makala yangu inaanza kuwa nyeupe.

Kengele ya saa sita ikalia. Sahani zilikuwa zimekuja kweli, wamama wamezishika ku magoti. Maman Presidante akasimama, akachukua haragi moja na kijiko, akapuliza, akatia mu kinywa. Mademoiselle alikuwa ameweka mikro karibu ili watu wasikie anavyosifu. Wakasikia: *ka!* Kama mtu amevunja kijiti. Maman Presidante akashika shavu lake, akatema haragi mu mukono, akalionyesha watu.

Sasa musikilize vizuri, juu ni hapa niliharibu zaidi. Simu ingine ikaingia, maman muzee kutoka Mudaka, sauti ya upole.

"Mutoto wangu, usilie. Niambie tu, yalilala mu maji?"

Nilikuwa na nafasi. Ningesema hapana, ingekuwa kicheko kidogo, tungeenda nyumbani. Lakini niliona sahani zile tupu, mapikipiki, watoto ku ukuta, nikasema: "Ndiyo, maman. Yalilala mu maji usiku mzima."

"Aa," akasema maman wa Mudaka. "Basi, mutoto wangu, ni mbabula yako haina nguvu."

Maman Presidante akageukia wenzake. "Mumesikia. Yalilowekwa, na mpaka saa sita yako mawe. Siye hatuwezi kuchukua hii mbabula. Tutaita ule fundi wa Bagira." Nyuma kule, Murhula alivua kofia yake, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa, akaanza kuondoka pole pole. Hakuwa na hasira. Ni hiyo ilinichoma.

Mademoiselle, naye anajua kazi yake, akamwendea Maman Nabintu pembeni. "Maman, wewe ni mwenye nyumba. Aliyaloweka kweli?"

Nilimwangalia bibi yangu. Angeweza kuniokoa kwa neno moja, ao kunimaliza kwa neno moja.

"Umuulize mwenye kupika," akasema. "Mimi nilikuwa pembeni."

Basi nikaichukua mikro mwenyewe.

"Ni uongo," nikasema. "Sikuyaloweka. Ni ya msimu wa zamani, aliyeniuzia alinionya. Chumvi nilitia mbele ya wakati. Kifuniko nilifunuafunua. Mimi sijawahi kupika maharagi tangu mama yangu anizae! Mbabula ni muzima. Mulaumu mupishi, musilaumu mbabula."

Nilifikiri watanitupia mawe. Walicheka, na kile kicheko sijawahi kukisikia hata mu arusi. Wamama walishikana, watoto walianguka ku ukuta, mtu wa Idjwi akaita tena ili tu acheke ku simu. Maman Presidante peke yake hakucheka. Aliinama, akatia mukono juu ya mbabula, akakaa hivyo.

"Makala imekwisha kuwa majivu, na bado iko na joto," akasema. "Jumamosi ijayo, kopo ile ile. Maman Nabintu ndiye atapika. Na wewe, papa, hautagusa kifuniko."

Sikugusa. Niliketi ku benchi kati ya wamama wawili wanene walioagizwa kunichunga. Maharagi yakaiva mbele kengele ya saa sita ilie, na mu mbabula moto ulibaki wa kuchemsha chai, nao wakaichemsha, wakaninywesha ku macho ya watu wote. Chama ikachukua mbabula sitini, kwa sharti moja: kila moja itoke ku atelye pamoja na Maman Nabintu kwenda kuonyesha namna ya kuitumia. Murhula na wenzake wangali wanapiga bati. Bibi yangu amekuwa mtu wa kutafutwa, ana kitabu ya kuandika randevu za watu. Mimi chakula changu kinachelewa.

Na aibu? Aibu iko pale pale. Mademoiselle Neema alikata sauti yangu, akaitia mwanzo wa emisyo yake, mbele ya muziki, na kila Jumamosi asubui, mu soko, mu taksi, mpaka ng'ambo Idjwi, watu wananisikia: "Mimi sijawahi kupika maharagi tangu mama yangu anizae!" Nilienda kumuomba aitoe. Akaniambia, "Papa, kila mara ikipita, watu wanaita kuuliza mbabula inapatikana wapi. Niitoe?"

Nikarudi ku kazi, kutengeneza zile zenye watauliza.

Lakini nimeapa, na hiki kiapo sitakirudisha: mikro ikifika tena ku mulango wangu, nitasema habari ya nyundo na bati, basi. Ya mu sufuria, watamuuliza mwenye kupika.