Mwanamke Niliyemtilia Sauti Matangani

Haki ya Mungu, hili sikulitunga. Ningekuwa natunga ningetunga kitu kitamu zaidi, maana kazi yangu ni kuwafurahisha watu. Lilinipata mimi, mchana, jua likiwaka, na walioshuhudia wako Utange hadi leo. Nenda kaulize.

Mimi nilikuwa natia sauti tamthilia za nje. Unazijua, zile ambazo mwanamke wa ng'ambo analia kwenye ngazi za jumba lake, nawe wamsikia kwa Kiswahili? Yule aliyekuwa akilia ni mimi, nimefungiwa katika chumba kidogo Bamburi, kuta zimebandikwa magodoro, joto si joto. Kazi yenyewe ni kuangalia midomo. Mdomo wake ukifunguka, nami nafungua wangu. Ukifumba, nafumba. Ukiifanya miaka mingi inageuka ugonjwa. Nikiona mtu anazungumza kule nisikomsikia, mdomo wangu unaanza wenyewe kumtilia maneno. Na Jumapili niliimba kwaya, sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa. Sauti ndiyo iliyonilisha, sikuwa na kingine.

Jumamosi moja kwaya yetu iliitwa kuimba matangani, Utange. Marehemu aliitwa Sidi, mwanamke kijana, ameacha binti mdogo. Sikuwahi kumwona wala kumsikia. Mwili ulikuwa umeshafika kutoka mochari, sanduku liko sebuleni limefunikwa, twamngojea mchungaji. Tulipopumzika kuimba nikakaa mkekani na Mercy, mwenzangu wa kwaya, mtu wa bara, mcheshi hata penye msiba.

Hapo nikamwona mwanamke ameegemea ukuta wa jikoni, amejitanda leso. Alikuwa ananitazama mimi. Anasema upesi upesi, mikono inapepea, lakini sauti haitoki. Maskini, nikadhani ni bubu. Na huu mdomo wangu usio na adabu ukaanza. Nilidhani nitasema upuuzi tu kama kawaida, wa kumchekesha Mercy.

"Mbeyu yumo ndani ya friza! Mfungulieni mwanangu, hewa yamwishia!"

Ile haikuwa sauti yangu, niamini. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na ilitoka kwa nguvu hata watu wote wakanyamaza. Mercy alinishika mkono.

"We, unaongea na nani? Hapo hakuna mtu!"

Ndani ya nyumba, mama mzazi wa marehemu akapiga ukelele. "Sidi! Hiyo ni sauti ya Sidi wangu!"

Akatoka mbio bila viatu, leso yaanguka, akazunguka nyuma ya nyumba ambako friza bovu lilikuwa limetupwa. Watoto walikuwa wakicheza mchezo wa kujificha, na mfuniko ulikuwa umejifunga. Walipoufungua wakamkuta Mbeyu, yule binti wa marehemu, amelowa jasho, macho yamepinduka. Wakampepea, wakammwagia maji. Akakohoa, akalia. Mimi nilikuwa bado mkekani, na pale ukutani hapakuwa na mtu.

Alasiri sanduku lilipofunguliwa tumuage marehemu, nilisogea. Nilijua nitakachokiona, na bado nilipiga yowe. Alikuwa yule yule, ila sasa midomo imefumba.

Labda utasema Mungu mkubwa, mtoto amepona, basi yameisha. Yameisha wapi! Jumatatu nilivaa hedifoni, mwanamke wa ng'ambo akafungua mdomo, nami nikatoa ile sauti ya kukwaruza. Bosi akadhani nina mafua. Nikanywa tangawizi, asali, ndimu, na dawa za hospitali juu yake. Daktari alinimulika koo, akasema ni zima. Wakatafuta msichana mwingine. Kwayani nako, nikijaribu kupanda juu, hakitoki kitu, ni pumzi tupu. Nililia, na hata kilio kilikuwa cha mtu mwingine. Wewe umewahi kujisikia ukilia, usijijue? Niliogopa mpaka nikaacha kulia.

Kisha akaja mtoto. Mama yake Sidi alikuja kwangu kushukuru, amembeba Mbeyu mgongoni. Nilisema tu, "Karibuni, piteni ndani." Mtoto akateremka mgongoni kwa pupa. Akanitazama usoni, akatazama nyuma yangu, akanipita. Akaingia chumbani, akachungulia nyuma ya mlango, akachungulia chini ya kitanda.

"Mama yuko wapi?" akaniuliza. "Nimemsikia."

Bibi yake aliketi palepale kizingitini. "Sema naye, mwanangu," akaniomba. "Sema naye kidogo tu." Na mimi, niliyekula miaka yote kwa kuwatia watu maneno mdomoni, sikuthubutu kufungua wangu.

Kwa hivyo nakuonya. Ukimwona mtu anasema nawe na sauti haimtoki, usimsemee, hata kwa mzaha. Ita watu, kimbia, fanya utakalo, lakini mdomo wako ufumbe. Najua utaniuliza, na yule mtoto je, angekufa? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Mbeyu huletwa kwangu kila Jumapili. Namkalisha, namsuka nywele kimya kimya, naye anangoja niseme.